Bi Hersilia na Blanketi la Mama Yao

Kule Pantano Hondo, juu kabisa ya mji wa Sogamoso, ambako mtu hukamua ng'ombe akiwa amevaa kofia ya sufu na pumzi yake inatoka kama moshi wa jiko, watu hawagombani kwa sauti. Mtu akikukanyaga utamwambia, "Samahani bwana wangu, naona mguu wangu uko chini ya wako." Mbwa naye hufukuzwa jikoni hivyo hivyo: "Bwana wangu, toka." Na mtu akichukiwa kweli kweli, hatukanwi. Anazidishiwa heshima mpaka zinamlemea.

Bi Hersilia Tibaduiza alizaliwa huko, akaolewa huko, akamzika mumewe huko. Alikuwa na miaka sitini na minane, na bado alikuwa anaamka gizani, anakamua ng'ombe wake wanne, anauza maziwa barabarani, na jioni anasokota sufu mlangoni. Hakuna jirani aliyewahi kuisikia sauti yake ikipanda. Ndiyo maana habari ya siku ile ya Bosconia, njiani kwenda pwani, inasimuliwa mpaka leo, na kila anayeisimulia humwiga alivyosimama.

Ilianza na simu Jumamosi asubuhi, ndoo ya maziwa bado iko mkononi.

"Mama mkubwa," sauti ikasema, "ni mimi Nereida. Mama amefariki alfajiri ya leo."

Huyo mama alikuwa Otilia, mdogo wake wa pekee, aliyetoroka akiwa na miaka kumi na tisa na dereva wa lori la ng'ombe, akaenda kuishi Santa Marta, pwani, kwenye joto. Hersilia akaiweka ndoo chini polepole ili maziwa yasimwagike.

"Tunamzika kesho saa kumi," Nereida akasema.

"Kesho? Binti yangu, kesho hiyo hiyo?"

"Huku ni joto, mama mkubwa. Maiti haingoji."

Kule juu milimani maiti hungoja. Hulazwa sebuleni siku mbili, siku tatu, watu wanakunywa mchuzi na kusali, na sanduku halifungwi mpaka ndugu wa mwisho afike amtazame usoni, hata kama anakuja kwa miguu. Hersilia akaingia chumbani, akafungua kasha, akatoa blanketi.

Lilikuwa blanketi la sufu nyeupe lenye mistari miwili ya kahawia, alilolifuma mama yao kwa sufu ya kondoo wake mwenyewe. Miaka tisa nyuma, mama yao alipokufa, Otilia alipanda kutoka pwani kuja kuzika, na baada ya mazishi akaliomba. Kitu kimoja tu, alisema, sitaki kingine. Hersilia akamjibu, "Blanketi katika joto lile? Utalifanyia nini?" Otilia akamwambia, "Yenye joto ni nchi ile. Si mimi." Hersilia hakumpa. Otilia akashuka mlima mikono mitupu, na tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Miaka tisa. Kila Krismasi mmoja alikuwa anangoja mwenzake apige kwanza.

Sasa Hersilia alitaka jambo moja tu duniani: kumfunika mdogo wake blanketi lile kabla sanduku halijafungwa.

Mabasi yote yalikuwa yamejaa, maana ilikuwa sikukuu ya siku tatu na nchi nzima inakimbilia baharini. Kilichobaki ni msafara wa bwana Elkin, anayekusanya watu wa milimani mara nne kwa mwaka na kuwapeleka pwani kwa basi moja. Ofisi yake ilikuwa meza ndani ya duka la kinyozi. Hersilia akamweleza kisa chote, na Elkin akaweka mkono kifuani.

"Pole sana, bi mkubwa. Kiti kimoja kimebaki, cha nyuma, karibu na choo. Kesho saa nane mchana utakuwa Santa Marta. Hilo ni neno langu." Kisha akashusha sauti. "Ila nina ombi moja. Usiwaambie wenzako. Watu wamejinyima mwaka mzima, wengine hawajaona bahari tangu wazaliwe. Ukiwaingizia msiba ndani ya basi, unaelewa mwenyewe."

"Ni kweli, bwana wangu," Hersilia akasema. "Si adabu kuwaharibia watu furaha yao."

Akavua kitambaa chake cheusi cha kichwani, akakiviringisha ndani ya blanketi, akapanda basi amevaa kitambaa cha maua. Kosa lake lilikuwa hilo, na ni mtu wa milimani tu angelifanya.

Wakasafiri usiku kucha wakishuka. Kulipopambazuka walikuwa Aguachica, kwenye tambarare, na joto lilikuwa limeshaingia madirishani. Watu walivua makoti ya sufu wakicheka kama watoto. Aliyeketi kando ya Hersilia, mjane mnene aitwaye Blasina, alikuwa amepakata chupa tupu ya plastiki.

"Ya maji ya bahari," akaeleza. "Ya magoti yangu. Wanasema ukiyachua kwa maji yale, unapanda mlima kama mbuzi. Na wewe, bibi wangu, umebeba nini kwenye furushi kubwa hilo?"

"Blanketi."

"Kwenda pwani? Eh! Bibi wangu ana baridi ya mifupani!"

Wakasimama kula mayai na supu, na kile kituo kikachukua saa moja na nusu. Kando ya barabara ile kuna desturi: hoteli humlisha bure yeyote anayewaletea basi zima la walaji, yeye na dereva wake, na hawawekwi na wengine, wanawekwa nyuma ya pazia na kupewa minofu. Na jinsi basi linavyokaa sana, ndivyo minofu inavyonona. Kila mtu anaijua desturi hiyo na hakuna anayeisema.

Hersilia hakula. Alisimama kando ya pazia mpaka Elkin akatoka akichokonoa meno.

"Samahani bwana wangu. Hivi bado tutafika saa nane?"

"Saa nane, saa nane na robo, bi mkubwa. Usijali."

Saa moja baadaye wakasimama tena, mara hii kwenye duka la kofia za ukindu. Elkin alikuwa na filimbi na bendera ndogo ya manjano, na alipuliza filimbi kama anayechunga mbuzi. Kila mtu akanunua kofia. Hersilia akamfuata.

"Samahani bwana wangu, ni saa ngapi?"

"Bado mapema, bi mkubwa!" Akatwaa kofia pana yenye utepe mwekundu, akamvika kichwani mbele ya watu. "Mmeona? Amependeza! Tabasamu kidogo basi, tuko likizoni!"

Alijua. Hilo ndilo lililomchoma Hersilia. Angekuwa hajui, angemsamehe. Lakini alijua, tena kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa amempa pole, na sasa anamvika utepe mwekundu siku ya maziko ya mdogo wake. Akaivua kofia, akaipangusa vumbi, akairudisha mahali pake. "Mungu akulipe, bwana wangu," akasema. Akarudi kitini kwake.

Basi lilipoondoka, Elkin akashika kipaza sauti.

"Jamani! Kule nyuma, kiti cha mwisho, kuna bibi amekunywa siki! Atakayemchekesha nampa kofia!"

Basi zima likacheka na kugeuza shingo. Mzee mmoja, bwana Teódulo, mwenye masharubu meupe, akasimama akishikilia kiti.

"Bibi wangu, mimi ni mjane, nina ng'ombe sita na meno yangu yote!"

"Mdanganyifu! Ya juu ni ya kununua!" mtu akapiga kelele.

"Ya kununua pia ni yangu!"

Hersilia aliwatazama wale watu wema waliokuwa wanamcheka kwa wema, akasema, "Mungu ambariki bwana wangu na ng'ombe wake." Wakapiga makofi. Blasina akamtia peremende mkononi. Hersilia akaifumbata mpaka ikayeyuka. Simu ikalia.

"Mama mkubwa, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Nereida. "Padri hasubiri, ana mazishi mengine. Na fundi wa makaburi anaondoka saa kumi na moja."

"Nakuja," akanong'ona, kiganja kikiziba mdomo. "Nakuja, binti yangu."

Ilipotimia saa sita wakasimama Bosconia.

"Saa moja na nusu ya mapumziko!" Elkin akatangaza, akapuliza filimbi, akapotea nyuma ya pazia.

Kutoka Bosconia mpaka Santa Marta ni mwendo wa saa tatu, na zaidi magari yakiwa mengi. Hersilia alikaa mezani mbele ya bakuli la supu akiihesabu ile njia kwa vidole. Akahesabu mara ya pili. Kisha akainuka, furushi kwapani, akaenda akalifunua pazia.

Bwana Argemiro, dereva, mtu mkubwa asiyesema sana, alikuwa anakunywa maji ya ndimu. Mbele ya Elkin kulikuwa na samaki mzima wa kukaanga, na mwingine nusu.

"Samahani sana bwana wangu," Hersilia akasema. "Ni saa sita na nusu. Mdogo wangu anazikwa saa kumi."

"Najua, bi mkubwa, najua. Lakini nifanye nini? Mwenye hoteli ana desturi yake. Tukiondoka mapema, safari ijayo atatupa mifupa." Akang'oa pezi la samaki, akalinyonya. "Na tena, tuseme kweli. Marehemu amekwisha kufa. Hana haraka."

Watu waliokuwa nje ya pazia husimulia hivi. Sauti ilipanda kama maziwa yaliyosahauliwa motoni, polepole, halafu yote kwa mara moja.

"Bwana wangu. Bwana wangu mpendwa, mheshimiwa sana Elkin. Wewe ni tumbusi mla mizoga! Na namwomba radhi tumbusi, maana yeye hungoja nje, haji na filimbi! Umenipa pole kwa mdomo huo huo unaotafuna samaki! Umenivika utepe mwekundu! Umeniambia ninyamaze, nikanyamaza, tangu jana jioni nimenyamaza nimekaa kando ya choo chako na maiti yangu moyoni, nawe unawafanya watu wanicheke! Kwa heshima zako zote, bwana wangu, samaki huyo akukwame!"

Akaliachia pazia. Watu arobaini walikuwa wameshika vijiko hewani. Akalifungua furushi mbele yao, akatoa kitambaa cheusi, akakivua kile cha maua na kujifunga cheusi.

"Mniwie radhi," akawaambia. "Mdogo wangu Otilia anazikwa leo saa kumi huko tuendako. Sikutaka kuwaharibia likizo."

Bwana Teódulo akaweka kijiko chini. "Mama yangu," akasema taratibu. "Nimemtongoza mfiwa."

Lakini Blasina alikuwa amesimama, mashavu mekundu.

"Likizo! Bibi wangu anasema likizo! Usiku mzima bega kwa bega, nimekoroma juu yako, nimekupa peremende, nimecheka na wajinga wenzangu, na wewe umekaa na msiba kama mtu aliyeficha kuku wa wizi! Umenifanya mimi niwe mtu wa namna gani? Ha? Kwetu mfiwa hushikwa mkono! Mimi ningekushika mkono!"

"Bwana Elkin aliniambia..."

"Bwana Elkin ni nani? Mficha maradhi kifo humuumbua, bibi wangu, na wewe ulificha kifo chenyewe!"

Nyuma ya pazia dereva alikuwa ameinuka.

"Ulijua?" akamwuliza Elkin.

Elkin alikuwa anakohoa.

"Nimekuuliza, ulijua? Maana mimi sikuambiwa."

"Argemiro, ratiba..."

"Ratiba ina magurudumu, na usukani wake uko mkononi mwangu." Akapangusa mikono kwenye suruali, akachukua funguo. "Jamani, aliye na kuku amfunge kwenye kitambaa. Tunaondoka."

"Hawatatulisha tena hapa!" Elkin akapiga kelele, samaki mkononi.

"Basi utabeba viazi kutoka nyumbani, kama mama yako alivyokuwa anabeba."

Wakaiacha supu mezani. Wakampandisha Hersilia mbele, kwenye kiti cha Elkin, nyuma ya sanamu ndogo ya Bikira wa Karmeli inayoning'inia kiooni, na Elkin akaenda kukaa karibu na choo. Blasina alimshika Hersilia mkono njia nzima, kwa hasira, akiubana mpaka unauma.

Sasa, kuna mahali, Ciénaga, ukishapita Fundación na mashamba ya ndizi, ambapo nyumba zinaachana ghafla na bahari inatokea. Misafara yote husimama hapo. Watu wa milimani hushuka na viatu vyao, wanatembea mpaka majini, na wengine hulia. Argemiro amesimama hapo miaka ishirini, na mguu wake wenyewe ukaanza kukanyaga breki.

Hersilia aliona. Akafumba macho. Hakuweza kuwaomba na hilo pia.

"Usithubutu!" Blasina akapiga kelele. "Bwana wangu dereva, kanyaga!"

Basi likaongeza mwendo. Watu arobaini walihamia upande mmoja wa basi, wakabandika nyuso kwenye vioo na kuitazama bahari ikipita, buluu, pana, haina mwisho, huku bwana Teódulo akiwa amevua kofia yake mpya. Blasina hakugeuka hata kidogo. Chupa yake tupu ilikuwa inabingirika miguuni.

Walipofika makaburini, kwa wingi wa magari njiani, ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na tano. Huko maiti hawalazwi ardhini, huingizwa kwenye ukuta, vyumba juu ya vyumba, na mlango hujengwa kwa matofali. Padri alikuwa ameondoka. Nereida alikuwa amesimama na wanawe, na fundi, kifua wazi, mwiko mkononi, alikuwa amebakiza tofali moja la juu. Wakageuka wote, wakaona watu arobaini wa milimani wanakuja mbio kati ya makaburi, wamevaa kofia za ufukweni.

"Mama mkubwa!" Nereida akasema. "Niliwaomba wangoje. Niliwaomba!"

Hersilia hakumkumbatia, alikuwa bado anatembea. Akaenda moja kwa moja mpaka ukutani.

"Samahani bwana wangu. Toa matofali."

"Mama, saruji inakauka."

"Ndiyo maana nakwambia sasa."

"Haiwezekani. Msimamizi ataninyonga. Njoo kesho na maua, weka hapa chini, kila mtu anaweka hapa chini." Kisha akaona alichokishika Hersilia. "Na hilo nini? Blanketi?" Akacheka, si kwa ubaya, ni namna yao watu wa pwani. "Blanketi katika joto hili? Atalifanyia nini?"

Hersilia akainamisha uso juu ya blanketi. Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya kitambaa cheusi. Blasina akadhani atalia, akasogea amshike. Lakini uso aliougeuza haukuwa wa kulia.

"Yenye joto ni nchi yenu," akasema. "Si yeye. Toa matofali, bwana wangu, au nitayatoa kwa meno, na hawa wote watanisaidia."

Fundi akawatazama wale arobaini. Bwana Teódulo alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati. Fundi akatema mate pembeni, akaingiza ncha ya mwiko, akatoa matofali matatu, akayapanga chini.

Tundu halikutosha kuonyesha uso. Sanduku lilikuwa limefungwa kwa misumari, na ndani kulikuwa na giza na harufu ya mbao mpya. "Kichwa kiko huku," Nereida akanong'ona. Hersilia akalikunja blanketi mara nne, akalisukuma ndani, akalisukuma tena, mkono wake ukazama mpaka begani na shavu likagusa saruji mbichi. Huko ndani, kwa vidole, akalikunjua kadiri alivyoweza juu ya mbao, akalilainisha, upande huu, na upande ule.

"Haya, chukua," akasema ndani ya tundu, na wote wakasikia. "Umeningojesha miaka tisa. Simu hukupiga. Mimi pia sikupiga, lakini wewe ndiye mdogo. Chukua. Ila mama alinipa mimi, Otilia, na unajua kwamba alinipa mimi."

Akautoa mkono, umejaa saruji mpaka kiwikoni.

"Funga sasa, bwana wangu. Mungu akulipe."

Elkin alikuwa langoni. Hakuthubutu kuingia. Bendera yake ya manjano alikuwa ameikunja mfukoni, na Hersilia alipopita akiwa ameshikwa na Nereida upande mmoja na Blasina upande mwingine, akavua kofia.

"Bi mkubwa, nisamehe. Nilisema neno baya. Ni njaa tu."

Hersilia akasimama. Akamtazama toka juu mpaka chini bila haraka.

"Bwana wangu mpendwa," akasema kwa sauti yake ya siku zote, ile ya kuuzia maziwa. "Mheshimiwa sana, mtukufu, bwana wangu mwema Elkin. Mungu akuweke. Mungu akupe miaka mingi, wewe na nyumba yako tukufu, na nitakuombea kila siku kwa jina, bwana wangu, kila siku, asubuhi na jioni, mpaka nife."

Watu wa milimani wote wakatazama chini. Blasina akafanya ishara ya msalaba. Elkin, ambaye naye alizaliwa Sogamoso, akarudi nyuma hatua mbili, amepauka kama jibini.

Fundi alikuwa amewafuata mpaka langoni na ndoo yake. Akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Kweli watu wa baridi wana moyo mzuri," akamwambia Nereida. "Huku kwetu angepigwa."